Kila kompyuta ikigoma, shemeji anapiga Windows upya

Mpendwa Mshauri,

Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina steshenari ndogo hapa Morogoro, jirani na shule ya sekondari na ofisi ya kata. Nachapa barua, wasifu wa waombaji kazi, katiba za vikundi na mitihani ya shule. Natoa fotokopi, naskani vyeti vya watu wanaotuma maombi ya ajira, na msimu wa harusi natengeneza kadi za michango kwa Publisher. Kompyuta yangu ni ya mezani, niliinunua Dar es Salaam ikiwa imeshatumika. Mume wangu akikosa kazi, hiyo kompyuta ndiyo inayotulisha.

Shida yangu ni kwamba haikai sawa. Kila baada ya miezi michache inaanza kuwa nzito, nikibonyeza kitu naweza kwenda kumhudumia mteja wa fotokopi nikarudi nikaikuta bado inazunguka. Chini pembeni ya skrini yanatokea maandishi hafifu yanayonitaka niihalalishe Windows, na Word inaweka mstari mwekundu juu. Halafu wateja wakichomeka flashi zao, mafolda yote yanageuka shotikati. Kuna mwalimu ameshawaambia wenzake kwamba flashi ikiingia kwangu inatoka na virusi, na mitihani ya muhula huu hawajaniletea.

Anayenitengenezea ni mdogo wa mume wangu. Kazi ameisomea mtaani, ana bidii, na bei yake ni ya kindugu. Ila dawa yake ni hiyo hiyo moja. Akifika anasema, "Shemeji, software imekufa, tupige Windows upya." Anapiga, inakuwa nyepesi, nafurahi, na baada ya muda tuko pale pale. Safari hii kila kitu kimefutika. Kulikuwa na utafiti wa mwanafunzi wa chuo, katiba ya kikundi cha akina mama na kadi za harusi mbili. Nilipomuuliza mafaili yako wapi akaniambia nilitakiwa niwe na bakapu. Mimi bakapu nilikuwa silijui.

Sasa anasema kompyuta yenyewe imeshapitwa kwa sababu Windows 10 imeisha muda, ninunue nyingine. Mwanangu wa kidato cha tatu anasema zipo programu za bure na ni halali. Mume wangu anasema cha bure kina walakini, tena nisimwaibishe mdogo wake kwa kwenda kwa fundi mwingine.

Naomba unieleweshe tangu mwanzo, kwa lugha ya mtu aliyeishia kidato cha nne. Hiyo software inayokufa kila mara ni kitu gani? Je, naibiwa? Na mafaili ya watu yanaweza kurudi?

Mama Steshenari, Morogoro

*

Dada yangu,

Pole kwa yaliyokukuta. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka. Izime hiyo kompyuta sasa hivi, na usihifadhi kitu kingine ndani yake. Kufuta faili, hata kufomati diski kwa ile njia ya haraka inayotumiwa na mafundi wengi, hakuondoi maandishi yenyewe. Kinachoondolewa ni orodha inayoonyesha faili fulani liko sehemu gani. Nafasi yake inahesabiwa kuwa wazi, na maandishi yanabaki pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Windows mpya imeshakalia sehemu ya nafasi hiyo, kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba vyote vitarudi. Ila kompyuta nyingi zilizotumika bado zina diski za zamani za kuzunguka, na hizo huacha matumaini makubwa zaidi kuliko diski za kisasa za SSD.

Shemeji yako aitoe hiyo diski, aichomeke kwenye kompyuta nyingine kama diski ya pili, kisha atumie programu ya bure iitwayo PhotoRec. Atakachokipata akihifadhi kwenye diski tofauti, la sivyo atakuwa anafunika vile vile anavyovitafuta. Mafaili yatarudi bila majina yake ya mwanzo, hivyo jiandae kukaa na kuyafungua moja moja.

Wakati huo huo waambie wenye kazi zao leo, kabla hawajaja kuzidai. Mwanafunzi huenda aliwahi kumtumia msimamizi wake sura kadhaa kwa barua pepe, nazo ziko kwenye barua zake zilizotumwa. Kadi za harusi zimeshapita kwenye makundi ya WhatsApp ya kamati. Katiba ya kikundi, kama ilishachapwa, iskani karatasi kwa karatasi, pandisha picha hizo kwenye Google Drive, kisha zifungue kwa Google Docs. Itasoma maandishi yaliyo kwenye picha na kukupa maneno unayoweza kuyahariri. Utasahihisha makosa ya hapa na pale, lakini hutaanza kuchapa upya.

Sasa tuje kwenye hiyo software. Unapoiangalia kompyuta yako, jua kwamba unaangalia vitu vinne tofauti, na kila kimoja kina maradhi yake.

Cha kwanza ni mashine: kasha ambalo mtaani tunaliita CPU, skrini, kibodi, printa, na vilivyomo ndani ya kasha kama prosesa inayofanya mahesabu, RAM inayoshika kazi iliyofunguliwa kwa wakati huo, na diski inayotunza vitu hata umeme ukizimwa. Ni kitu cha kushika, kinapata vumbi, kinaungua umeme ukija kwa kishindo, kinachakaa. Cha pili ni mfumo endeshi, na kwako ni Windows. Huo ndio unaoamka kabla ya programu zako zote ukibonyeza kitufe cha kuwasha, na ndio unaogawa kazi: nani atumie RAM kiasi gani, nani aandike kwenye diski, nani aitume karatasi kwenye printa. Cha tatu ni programu unazozifungua mwenyewe: Word, Publisher, Chrome. Hizo haziigusi mashine moja kwa moja. Ukibonyeza kuchapisha, Word inauomba mfumo endeshi, na mfumo endeshi unatumia programu nyingine ndogo inayoijua printa yako, ambayo mafundi huiita draiva. Ndiyo maana printa nzima kabisa inaweza kukataa kutoa karatasi. Draiva ikikosekana, Windows haijui iseme nayo vipi.

Vitu hivyo viwili, mfumo endeshi na programu, ndivyo vinavyoitwa software kwa pamoja. Ni maagizo yaliyoandikwa na watu na kuhifadhiwa kwenye diski, basi. Hayachakai kwa kutumika. Word iliyowekwa leo, baada ya miaka mitano ina maagizo yale yale. Kwa hiyo ukiambiwa software imekufa, kuna kitu kimeyafanya maagizo hayo yasisomeke au yasifuatwe: diski inayoanza kuharibika, kirusi, umeme uliokatika Windows ikiwa katikati ya kujiandika, au diski iliyojaa pomoni. Bila kujua ni kipi kati ya hivyo, hata ukipiga Windows mara mia chanzo kitabaki ndani.

Cha nne ni mafaili yako. Hapa nakaa kidogo, maana ndipo ulipoumia. Faili la katiba si Word. Ni kazi yako, iliyotengenezwa kwa kutumia Word. Word unaweza kuiweka tena hata kesho. Windows vivyo hivyo. Mashine utachanga ununue nyingine. Utafiti wa yule mwanafunzi hauuzwi duka lolote.

Tuichukue hiyo katiba tuione inavyosafiri. Unabonyeza faili mara mbili. Windows inatazama herufi za mwisho za jina lake, .docx, inajua hili ni la Word, inaiita Word. Mara nyingi huzioni herufi hizo kwa sababu Windows huzificha yenyewe. Nenda kwenye mwonekano wa folda uruhusu zionekane, nitakueleza kwa nini. Word inaomba faili lisomwe kutoka kwenye diski, na nakala yake inawekwa kwenye RAM. Ile unayoiona kwenye skrini na kuichapa ni nakala ya RAM. Unaongeza Ibara ya 7 kuhusu adhabu ya mwanachama asiyelipa hisa, unaongeza ya 8, na kwenye diski bado kuna katiba ya jana yenye ibara 6. RAM inaishi kwa umeme. Umeme ukikatika sekunde hiyo, ibara zote mbili zimekwenda. Word hujihifadhia yenyewe kila baada ya dakika 10 endapo hujaibadilisha, lakini katika dakika 10 mtu mwenye mkono mwepesi kama wako ameshamaliza ukurasa. Zoesha vidole kubonyeza Ctrl pamoja na S kila ukimaliza aya. Hapo ndipo maandishi yanashuka kutoka RAM kwenda kwenye diski.

Yakishashuka yanakaa wapi? Kwa watu wengi ni kwenye Desktop au Documents, na vyote viwili viko kwenye diski C, huko huko iliko Windows. Sasa unaona kilichotokea. Shemeji alikuwa anatibu kitu cha pili, akakifomati chumba ambacho cha tatu na cha nne vilikuwa vinalala humo. Mwambie aigawe diski, Windows ibaki C na kazi zako ziende D. Siku ya kupiga Windows ataifuta C peke yake. Ila C na D ni vipande vya diski moja. Ikiungua, vyote vimeungua. Kwa hiyo kila jioni kabla hujafunga, nakili folda la kazi kwenye flashi yako ya pekee, isiyoguswa na mteja yeyote, ukaondoke nayo nyumbani. Akaunti ya Gmail nayo inakupa nafasi ya bure ya GB 15 kwenye Google, ambayo kwa mafaili ya Word ni kubwa mno. Hiyo ndiyo bakapu aliyokuwa anaisema, nakala ya pili iliyo mbali na ya kwanza.

Kwa nini ugonjwa unarudi? Hapa nakisia, ila dalili ulizotaja zinaniambia mengi. Windows inayokudai uihalalishe na Word yenye mstari mwekundu zimewekwa bila leseni, na kufuli lake lilivunjwa kwa programu ndogo ambayo muda wake umepita au imezuiwa. Programu hizo za kuvunja leseni huja na maelekezo yanayofanana: zima antivirusi kwanza. Fundi anaizima na mara nyingi haiwashi tena, kwa sababu akiiwasha itaifuta ile programu yake. Wengi huzima na masasisho pia wakiogopa yasigundue. Kwa hiyo kila baada ya kupigwa Windows unakabidhiwa kompyuta nyepesi isiyo na mlinzi, na siku hiyo hiyo zinaanza kuingia flashi za shule nzima.

Masasisho wengi huyachukia kwa sababu yanakula bando. Nakuomba uyaheshimu. Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja kwenye Windows. Mwezi Mei mwaka huo huo, virusi vilivyoitwa WannaCry vikapita kwenye tundu hilo, vikafunga mafaili ya watu na kudai fidia, katika nchi zaidi ya 150. Uingereza hospitali zilishindwa kufungua kumbukumbu za wagonjwa. Kompyuta zilizokuwa zimeweka lile sasisho la Machi zilikuwa na kinga kabla ugonjwa haujatoka.

Hao wa shotikati kwenye flashi ni wadogo kuliko hao, na tabia yao inajulikana. Wakiingia kwenye flashi hawafuti kitu. Wanalificha folda halisi la mwalimu, tuseme linaitwa Mitihani, na mahali pake wanaweka shotikati, yaani alama ya njia ya mkato, yenye jina hilo hilo na picha ya folda. Mwalimu akibonyeza, kwanza inawasha kirusi. Mara nyingi folda lake linafunguka pia, asijue kitu. Likigoma, anadhani kazi imepotea, wakati ukitazama nafasi iliyotumika kwenye flashi utakuta bado imejaa vile vile.

Kulifichua, fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, na uandike mstari huu, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi inavyoonekana kwako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri, kisha fungua flashi. Mafolda yenye kazi yatakuwa yamerudi kuonekana pembeni ya shotikati. Futa shotikati, na usizibonyeze. Mstari huu unarudisha mafaili tu, hauui kirusi. Kazi hiyo ni ya antivirusi, na huhitaji kununua: Windows 10 na 11 zinakuja na Defender ndani yake. Iwashe, ruhusu ijisasishe, na kila flashi ikiingia, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jina lake uichague iskaniwe kabla hujafungua lolote. Na hapa ndipo zile herufi za mwisho zinapokusaidia. Faili la barua linaishia na .docx au .pdf. Ukiona barua inayoishia na .exe, hiyo ni programu inayosubiri uiwashe. Usiiguse.

Ukishaweza hayo, mwite yule mwalimu, msafishie flashi yake akiwa anaangalia. Usimtoze.

Kuhusu Windows 10, shemeji yako amesema kweli, ila si yote. Microsoft iliitoa Julai 2015 na ikaacha kuihudumia 14 Oktoba 2025. Maana yake ni kwamba masasisho ya kawaida ya usalama yamekoma. Kompyuta itaendelea kuwaka na kuchapa, lakini matundu mapya yatakayogunduliwa hayatazibwa. Microsoft iliweka mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa kawaida hadi 13 Oktoba 2026, nao unahitaji Windows halali. Windows 11 nayo inachagua mashine: inataka RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, vilivyoanza kutoka 2017. Kompyuta nyingi za mezani zilizotumika zina prosesa za nyuma ya hapo. Mafundi wanajua mbinu za kuilazimisha ikubali, lakini Microsoft haiahidi kuisasisha kompyuta ya namna hiyo, na mimi sikushauri duka lako lisimame juu ya mbinu.

Kabla hujanunua nyingine, pima. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye sehemu ya utendaji, tazama mistari ukiwa hufanyi kitu. Kama diski imesimama kwenye asilimia 100, uzito unatoka hapo. Kubadilisha diski ya kuzunguka ukaweka SSD kunaifanya kompyuta ya zamani iwake kwa sekunde badala ya dakika, na ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kununua kompyuta nzima. Kama RAM ndiyo imejaa, kuongeza GB 4 nyingine kutatosha kwa kazi zako. Haya ni maradhi ya kitu cha kwanza, mashine, na kupiga Windows hakuyagusi.

Tuje kwenye mabishano ya nyumbani kwenu juu ya vya bure. Mwanao ana haki, na mume wako ana sababu ya kuhofu, kwa sababu mtaani neno bure linabeba vitu viwili. Kipo cha bure kwa kuvunjwa kufuli, ambacho ndicho ulichonacho. Hicho kina walakini kweli, tena ni kosa kisheria: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, na wewe unafanya biashara hadharani. Na kipo cha bure ambacho waliokiandika wamekiruhusu kwa leseni, ukitumie, unakili, umpe jirani, hata ubadilishe maagizo yake kama unajua. Linux, ambao ni mfumo endeshi kama Windows, ni wa namna hiyo. Kiini chake kilianzishwa 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Helsinki, Finland, na leo kila simu ya Android mkononi mwa mteja wako imejengwa juu ya kiini hicho. Mume wako kama ana Android, ameshatumia cha bure miaka yote hiyo bila kujua.

Mahali pa Word unaweza kuweka LibreOffice, inayofanya kazi kwenye Windows na Linux. Ukoo wake una historia kwetu. Imetokana na OpenOffice, na mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wenzao wa Sweden, waliitoa OpenOffice hiyo kwa Kiswahili wakaiita Jambo OpenOffice. Natamani kazi ile ingepata watumiaji wengi zaidi.

LibreOffice inafungua mafaili ya .docx na kuyahifadhi hivyo hivyo. Ugumu utauona kwenye mpangilio. Mteja akileta faili lenye fonti ya Calibri ambayo haipo kwako, LibreOffice itatafuta mbadala, na ikikosa wenye upana uleule mistari itasogea, mtihani wa kurasa mbili unaweza kuwa wa tatu. Hakikisha fonti za Carlito na Liberation zimo, maana zilitengenezwa zilingane upana na Calibri na Times New Roman. Na kazi ikishakamilika, mpe mteja kwa PDF, ambayo mpangilio wake hausogei hata ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine. Maombi ya ajira hayana shida, yanafanyika kwenye Firefox au Chrome, nazo zipo kwenye Linux pia.

Publisher ndiyo itakayokusumbua. Haipo kwenye Linux, na Microsoft yenyewe imetangaza kuiacha Oktoba 2026. Anza sasa kuhifadhi kila kadi kwa PDF pembeni ya faili lake la Publisher. LibreOffice Draw, programu ya kuchora iliyomo ndani ya LibreOffice, inafungua mafaili mengi ya Publisher, si yote, na si kila mara yanakaa sawa. Kadi mpya nakushauri uanze kuzitengeneza huko huko Draw. Wiki mbili za kwanza zitakuwa ngumu.

Kama ingekuwa duka langu, ningefanya hivi: SSD mpya, RAM iongezwe, Linux Mint (mojawapo ya matoleo ya Linux) ndani yake na LibreOffice. Usikubali iwekwe kabla hujaijaribu. Linux Mint inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Iwashe hivyo asubuhi moja, chapisha, skani, fungua mafaili ya wateja watatu. Printa ikikubali, endelea. Ikigoma na fundi hapati draiva, basi tafuta kompyuta iliyotumika yenye Windows 11 halali, weka LibreOffice juu yake, na utakuwa umeepuka gharama ya leseni ya Office. Kwenye Linux hao wa shotikati hawafanyi kazi, kwa kuwa waliandikiwa Windows, lakini flashi ya mteja bado inaweza kuwa nao. Unapoona shotikati zisizoeleweka, mwambie mwenyewe.

Kuna jambo hukuniuliza, nami sitaliacha. Unaskani vyeti, vitambulisho vya NIDA, wakati mwingine na taarifa za benki. Tangu 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mteja akishatuma maombi yake, zifute skani hizo na uondoe kwenye pipa la kompyuta pia, isipokuwa amekuomba umtunzie. Na diski yako ikienda kwa fundi usiyemjua, yote yaliyomo ataweza kuyaona. Hiyo ni sababu moja nzuri ya kubaki na shemeji.

Na je, anakuibia? Kwa ninavyosoma barua yako, hapana. Amefundishwa tiba moja anaitoa kwa kila mgonjwa, na kwa muda mfupi inafanya kazi kweli, ndiyo maana nyote wawili mmeiamini. Kosa lake ni kufomati bila kukuonyesha kwanza kilichomo. Mume wako hajakosea kutaka mdogo wake asiaibishwe, kwa hiyo msiitane kikao cha lawama. Mpe kazi hii mpya aifanye: diski, RAM, Linux Mint, na kuigawa diski ili kazi zako zikae mbali na mfumo endeshi. Mlipe ufundi wake kamili, si wa kindugu, ili nawe uweze kudai kazi kamili. Kisha mkubaliane masharti mawili. Siku yoyote kompyuta ikigoma, kabla hajaigusa akwambie kinachoumwa ni kipi kati ya vile vinne na amejuaje. Na hakuna kufomati mpaka wewe mwenyewe ufungue ile flashi yako kwenye kompyuta nyingine, uone mafaili ya jana yamo na yanafunguka.